Msumeno Kibogoyo

Siku hiyo mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta miongoni mwa watu watatu wa kisa hiki, maana wale wawili walikuwa na akili zao timamu na mikono yao ilikuwa kazini. Mikono yangu mimi ilikuwa imeshika ukuta. Ilikuwa saa saba mchana, Sokon One, Arusha, na nilikuwa nimebandika sikio kwenye tofali la nyumba yangu mwenyewe, upande wa nyuma ambako hatukuwa tumepiga lipu. Kwapani nilibana diski ya chuma iliyofungwa kwenye gazeti. Kuku wetu mmoja, jike la rangi ya majivu, alikuwa amesimamisha mguu hewani akinitazama jinsi muumini anavyomtazama mzee wa kanisa aliyemfumania kilabuni.

Ndani ya bafu, mke wangu alikuwa anacheka.

Kicheko cha Hedwiga hakifanani na cha mtu mwingine. Huanzia puani kama mtu anayetaka kupiga chafya, hupanda kwa vituo, na kikifika juu hujikwaa kidogo, hik, kama kimekanyaga jiwe. Nilimwoa kwa sababu ya kile kijiwe cha mwisho. Na nilipokisikia kupitia tofali siku ile, niligundua kwamba sikuwa nimekisikia kwa miaka mitano.

"Taratibu, Mama Ruth, usilazimishe," sauti ya mwanamume ilisema.

"Mbona inagoma?"

"Pamekauka hapo. Ongeza maji kwanza, ndipo usogeze."

"Hivi?"

"Hapo hapo. Iache ije yenyewe."

Kisha hik, kijiwe changu, kikakanyagwa mbele ya mtu mwingine.

Mlio wa mashine nao niliusikia, sikatai. Ulikuwa mkubwa kiasi kwamba walilazimika kupaza sauti. Lakini sikio la mwenye wivu huchambua kama mwanamke anayechambua mchele: likachukua maneno, likautupa mlio pamoja na mawe. Mwenye wivu hahitaji ushahidi. Mpe herufi tatu, atakuandikia waraka mzima na kuupigia mhuri.

Mwenye sauti ile hakuwa mgeni kwangu. Alikuwa Lekishon, fundi wa marumaru kutoka Ngaramtoni, na aliyemleta nyumbani kwangu alikuwa mimi.

*

Nilikuwa nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na minne, hadi siku walipotupanga mstari na kutuambia kwamba taifa linatushukuru. Baada ya hapo nilijaribu kuuza mitumba, nikagundua kwamba kila mtu wa Arusha anauza mitumba. Nikafuga kuku wa mayai mia mbili; kideri kikapita wiki moja kikaniachia kumi na mmoja, na yule wa rangi ya majivu ni mjukuu wao. Mwisho nikapata kazi ya kuuza katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mtaji niliokuwa nao tangu kuzaliwa ni mdomo.

Ile ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Mpaka wa Namanga ulipitisha kila kitu: mabomba ya rangi, vitasa vya dhahabu ya kupaka, taa zenye shanga, na marumaru, maboksi kwa maboksi ya marumaru. Watu waliokulia kwenye sakafu ya udongo uliopakwa samadi, wakahamia kwenye sakafu nyekundu ya simenti, sasa walitaka kuziona nyuso zao wanapoinama kuvaa viatu. Mimi niliwauzia. Sikujua sana nilichokiuza, ila nilijua kumchekesha mtu mpaka mkono uingie mfukoni wenyewe. Kila mteja nilimpa jina. Mwalimu mfupi nilimwita Robo Mfuko. Mama mmoja wa Engutoto aliyerudisha rangi mara tatu nilimwita Kinyonga. Watu walitoka mbali kuja kununua misumari ya inchi tatu ili wasikie nani amebatizwa leo.

Hedwiga alikuwa na cherehani yake barazani kwetu. Mitumba iliponyang'anya washonaji riziki yao, yeye hakulalamika. Alianza kuipunguza hiyo mitumba, makoti ya watu warefu wa ng'ambo akayakata yakawatosha watu wa Sokon. Ana jicho la kupima. Anakutazama mara moja na kujua mabega yako ni inchi ngapi na kwamba moja limeshuka. Yeye ni Mkatoliki wa Kibosho, mimi Mlutheri wa Machame. Kwa hiyo ndoa yetu tangu mwanzo ilikuwa kama marumaru mbili za maboksi tofauti, zinazohitaji uvumilivu kwenye kiungo. Binti yetu Ruth alipokwenda shule ya bweni, Hedwiga aliniambia jioni moja, huku akitoa uzi mdomoni: "Nataka bafu la ndani. Nataka niliweke marumaru. Halafu jiko. Halafu sebule, chumba kwa chumba, hata ikichukua miaka."

"Na baada ya hapo utataka ikulu," nilimwambia.

Alichomeka sindano kwenye kifuko chake na kukunja kazi.

Fundi nikamtafuta mimi. Mafundi walikuwa wengi, wengine vijana watanashati wenye kunukia sabuni. Nikamchagua Lekishon. Watu waliozaliwa chini ya Mlima Meru, na hasa upande ule wa Ngaramtoni, wamekunywa maji yenye magadi tangu utotoni, na meno yao huwa na rangi ya chai iliyokolea. Ya Lekishon yalikuwa ya kahawia kama kibuyu cha zamani, na zaidi ya hapo alikuwa mtu wa ng'ombe na shamba, kimya, na shuka yake begani hata akiwa kazini. Nikajiambia, huyu hana madhara. Kwa maneno mengine, nilimchagua mwanamume wa kuingia nyumbani kwangu kwa kumtazama meno.

*

Jumamosi moja asubuhi wakaja dukani wote wawili, kununua mashine. Lekishon alikuwa amemwambia Hedwiga kwamba kikatio chake cha mkono hukata mstari ulionyooka tu. Kwenye kona za bomba na tundu la maji machafu kingempasulia marumaru nyingi. Na kwa kuwa nyumba ingefanywa chumba kwa chumba, ilifaa wawe na msumeno wa maji wa kwao.

Duka lilikuwa limejaa. Nikapanda jukwaani.

"Karibuni kwenye maonesho," nilisema. "Huyu hapa," nikaishika mashine kubwa ya mkononi, ya rangi ya chungwa, "huyu ni Simba. Anakata mawe, anakata zege, anakata maneno. Hahitaji maji wala kubembelezwa."

"Vumbi lake linakwenda wapi?" Lekishon aliuliza.

"Linakwenda kwa jirani."

Watu wakacheka. Lekishon naye akatabasamu, ila macho yake yalikuwa yameshahamia kwenye mashine ndogo iliyokaa chini karibu na ndoo za rangi: meza ya bati isiyozidi upana wa sinia, na beseni la plastiki chini yake. Alichuchumaa. Akaibonyeza meza kona moja baada ya nyingine kuona kama inanesa. Akatoa pima maji yake akailaza juu. Akaizungusha diski kwa kidole, jicho moja limefumba, kuona kama inayumba.

"Maji yanaingia wapi?"

"Kwenye beseni."

"Na diski inayafikia? Tumbo lake linazama?"

"Linazama, linaogelea, linapiga mbizi."

"Beseni linatoka, lioshwe? Tope la marumaru likigandia humo linakuwa jiwe." Akakichomoa kibao cha kuongozea marumaru, akakirudisha, akakikaza. "Hiki kikifungwa hakitembei. Vizuri. Diski nyingine za ukubwa huu zinapatikana hapa mjini?"

"Wewe Injinia wa Ng'ombe," nilimwambia, "unanunua mashine au unaposa?"

Duka zima likacheka. Hapo ndipo nilipoitazama ile diski vizuri kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimeiuza miezi miwili. Ukingo wake ulikuwa mzima, laini kama ukingo wa sahani ya bati. Haukuwa na hata pengo moja. Nikaiinua juu kama mhubiri.

"Ndugu zangu, tazameni msumeno usio na meno. Kibogoyo. Mke wangu, mtu mwenye akili zake, aliyepima mabega ya nusu ya mji huu, amepita Simba akaenda kuchagua Kibogoyo. Mama Ruth, huyu utamtafunia au atakunywa uji?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akakaa juu ya mfuko wa simenti. Lekishon akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba meno ni ya zege; marumaru ina uso wa kioo, ukiipelekea meno inamegeka, lakini ukingo mzima wenye unga wa almasi huisaga taratibu, maji yakiipoza. Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye mlima.

"Msimlaumu," nilisema. "Watu wa huku hata mlima wao ni pengo. Sisi kwetu tuna mlima mzima, na sukari juu."

"Wenu mzima," Lekishon alisema, "lakini maji ya dukani kwako yanatoka kwenye huu wenye pengo."

Na hapo, kwa mara ya kwanza, nikasikia kitu puani mwa Hedwiga, kama mtu anayetaka kupiga chafya. Hakikupanda. Alikizuia, akanitazama, akasema, "Tufungie hicho kidogo." Kisha akasimama mlangoni akinipa mgongo hadi nilipomaliza kufunga kamba.

Tangu dakika ile nilikuwa na mbegu ya wivu. Kazi ilianza Jumatatu. Kila jioni nilirudi na kukuta mstari mpya wa marumaru nyeupe ukutani, umenyooka kama mstari wa daftari, na Hedwiga akiwa na tope jeupe kwenye nyusi, amechoka kwa uchovu wa mtu aliyefurahi. Nikimuuliza habari za siku, alisema, "Nzuri." Alhamisi nilishindwa. Nilichukua dukani diski yenye meno kama ya Simba, ya ukubwa ule ule, tundu lile lile, nikamwambia tajiri wangu kwamba tumbo linaniuma. Nilitaka niingie ghafla, nitoe diski, niseme, haya, sasa tazameni kazi ya wenye meno. Lakini nilipofika nyuma ya nyumba nikasikia kile kijiwe kikikanyagwa. Ndivyo nilivyojikuta ukutani, mimi na kuku.

*

Niliingia kwa mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeandaa sentensi tatu, zote kali. Nilipofika kwenye kizingiti cha bafu hakuna hata moja iliyobaki.

Lekishon alikuwa amesimama hatua mbili nje ya bafu, ameshika waya wa umeme. Alikuwa ameupitisha juu ya msumari, ukaning'inia kitanzi chini kabla ya kupanda kwenye plagi, ili maji yakitambaa kwenye waya yadondokee pale kitanzini yasifike kwenye soketi. Kazi yake ilikuwa hiyo tu: kulinda waya, na kusema neno moja moja. Aliyeinama juu ya mashine alikuwa Hedwiga.

Alivaa gambuti zangu za mvua, miwani ya plastiki, na kitenge kilichokazwa chini ya kwapa. Mikono yake miwili, vidole vimekunjwa mbali na diski, ilikuwa inaipeleka marumaru mbele jinsi ninavyoiona ikipeleka kitambaa chini ya sindano miaka yote ya ndoa yetu: haisukumi, inasindikiza. Mstari aliuchora kwa kalamu ya nta. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ya kwanza alitumia chaki yake ya kushonea, maji yakaifuta, na hicho ndicho kilichokuwa kicheko chao cha Jumatatu. Diski ilikuwa inakunywa maji ya beseni na kuyatema meupe kama maziwa. Kibogoyo alikuwa anatafuna. Marumaru ikaachana vipande viwili bila hata kulia, na Hedwiga akapitisha kidole gumba kwenye ukingo kama anayepima makali ya mkasi.

"Kumbe ni cherehani tu," alisema. "Cherehani inayooga."

Lekishon akacheka. Meno yake yote ya kahawia yakaonekana, wala hakuweka mkono mdomoni. Hedwiga akaanza kupanda vituo vyake, cha kwanza, cha pili, akageuka, akaniona.

Kicheko kikakatika kama umeme wa mgao.

Hapo wivu wangu ungepaswa kufa. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba hapakuwa na jambo. Mtu alikuwa hatua mbili nje ya mlango na waya mkononi. Lakini wivu haukufa. Ulihama chumba tu. Mwanzo nilimwonea wivu mwanamume. Sasa niliionea wivu mikono ya mke wangu, iliyojua kitu nilichokiuza miezi miwili bila kukijua. Na chini ya hapo, palipo giza, niliionea wivu furaha iliyokuwa ndani ya mlango ule kabla sijasimama hapo.

"Naona Kibogoyo amepata muuguzi," nilisema.

Lekishon akainamisha kichwa kwa adabu. "Habari za kazi, Baba Ruth."

"Umerudi mapema," Hedwiga alisema. "Unaumwa?"

"Tumbo."

"Basi makande yatakufaa. Yako tayari." Akazima mashine, akachomoa plagi, akavua gambuti. "Lekishon, twende ukanawe. Imebaki moja tu, ile ya kwenye tundu. Tutaifanya tukishakula."

*

Wakaenda, yeye jikoni, Lekishon bombani nje. Mimi nikabaki na ile moja.

Ilikuwa imeegeshwa ukutani, nzima, safi, na ukingoni mwake Hedwiga alikuwa amechora nusu duara ya tundu la maji. Ndani ya nusu duara alikuwa amechora mistari midogo iliyosimama karibu karibu. Sikujua mistari ile ni ya nini. Nikajiambia ni urembo. Nilichokijua ni kwamba ilikuwa ya mwisho ya rangi ile mjini. Boksi la mwisho nilimuuzia mimi mwenyewe mtu wa Njiro siku ya Jumanne, na usiku wake nikajisifu mezani jinsi nilivyomshawishi. Mzigo uliofuata kutoka mpakani ulikuwa na weupe mwingine, wa mtindi, si wa maziwa.

Nikafungua gazeti. Spana ilikuwa pale pale sakafuni. Nikamtoa Kibogoyo, nikaivika mashine ile diski yenye meno, nikachomeka plagi. Maji kwenye beseni yalikuwa yameshuka na kuwa tope, lakini maji kwangu yalikuwa mapambo. Simba hakuhitaji maji. Nilitaka wakirudi wakute kazi imekwisha. Nilitaka Hedwiga apitishe kile kidole gumba kwenye ukingo nilioukata mimi. Nikubali yote: nilitaka vile vituo, kimoja baada ya kingine, hadi kijiweni.

Nikaiwasha, nikaisukuma marumaru.

Ililia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Vumbi likanijaa mdomoni. Vipande vidogo vikaruka, kimoja kikanichoma shavuni. Nikasukuma zaidi. Ufa mwembamba ukatoka kwenye nusu duara, ukatembea bila haraka, ukafika kona ya pili, na marumaru ya mwisho ya rangi ya maziwa ikawa mbili mikononi mwangu. Ukingo wake ulikuwa kama gunzi lililogugunwa na panya.

Lekishon ndiye aliyefika kwanza. Hakunitazama mimi, alitazama plagi, akaenda kuichomoa. Kisha akaigusa diski.

"Baba Ruth," alisema polepole, "haya meno ni ya zege."

Hedwiga alisimama nyuma yake na mwiko wa makande mkononi. Aliangalia shavu langu lililokuwa linatoka damu, akaona si kubwa, akaangalia marumaru.

"Ilikuwa ya mwisho," alisema.

"Nitaleta nyingine."

"Wapi? Kwa mtu wa Njiro?"

Nikaanza kueleza. Nilisema mashine ile tangu mwanzo nilijua si imara. Nilisema mistari yake ilinichanganya. Lekishon, kwa nia njema kabisa, akanifafanulia kwamba mistari ile ni ya kuchana: unaingiza diski kwenye kila mstari, marumaru inakuwa kama chanuo, halafu unavunja meno ya chanuo kwa koleo, moja moja, nusu duara inabaki. Alinieleza jinsi unavyomweleza mtu ambaye bado unamheshimu. Afadhali angenitukana.

Hedwiga hakusikiliza. Alikuwa ameshapiga magoti kwenye sakafu ya bafu, amelivuta boksi la mabaki, vile vipande vya siku nne alivyokataa kuvitupa kama asivyotupa mabaki ya vitambaa. Akaanza kuvipanga kuzunguka tundu. Kimoja chembamba hapa, cha pembe tatu pale, kimoja akakigeuza, akakiondoa, akakirudisha. Mwanzo sikuelewa. Kisha nikaona anashona kiraka. Vipande vilikuwa vinatoka tunduni kama miale, kila kimoja na saizi yake, na vilipendeza kuliko ambavyo marumaru moja nzima ingeweza kupendeza.

Lekishon akachuchumaa upande wa pili, akawa anampa.

"Hiki kimekatika upande mmoja," Hedwiga alisema, akikiinua kipande. "Kama Meru."

"Basi kiweke karibu na maji. Ndiko kwake."

Akaanza. Puani, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, hik. Mbele yangu, safari hii, hatua moja kutoka kwenye kiatu changu. Na mimi niliyesimama na damu shavuni na unga mweupe kichwani kama nimezeeka ghafla, nikatafuta mzaha. Mdomo wangu, mtaji wangu, ulionitoa kwenye mstari wa kiwandani ukanipa ugali, nikautikisa kama mtu anayetikisa kibiriti kuona kama kuna njiti. Nikasema, "Mkimaliza kushona mniambie, nilete vifungo."

Haukuwa mzaha mbaya. Dukani ungeuza mfuko wa simenti. Lekishon alitabasamu kidogo, kwa ajili yangu. Hedwiga alikuwa anatafuta kipande cha pembe nne.

"Nasema, nilete vifungo."

"Nimesikia, Baba Ruth."

Lekishon akasimama, akachukua beseni lenye tope. "Acha nikaoshe hili," alisema, akatoka, ingawa lingeweza kusubiri. Tukabaki wawili. Nje, wingu la mchana lilikuwa limeshaukalia mlima na mwanga wa bafuni ukawa wa kijivu, na katika mwanga ule kuta nne nyeupe zilizonyooka zilinizunguka kama watu waliokubaliana jambo.

"Huyu mtu ana nini?" nilimuuliza.

"Nani?"

"Unajua ninayemsema. Siku nne, Hedwiga. Siku nne nyumba hii inacheka mchana kutwa, na mimi nikifika mlangoni inanyamaza. Nilikuwa nyuma ya ukuta leo. Nimesikiliza kama mwizi."

"Nilijua. Kuku alikuwa anakutazama, nimemwona dirishani."

"Na ukaendelea?"

"Kwani nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nakata marumaru."

"Ulikuwa unacheka." Sauti yangu ilipanda, na nilichukia ilipokuwa inakwenda, lakini niliifuata. "Miaka mitano sijakusikia ukicheka hivyo. Mimi. Mtu ambaye mji huu unamjua kwa kuchekesha. Watu wanakuja kwa miguu kutoka Ngaramtoni, kwa huyo huyo Lekishon wako, kununua misumari kwangu ili wacheke tu. Robo mji wanacheka na mimi. Ila mke wangu, hapana. Mke wangu anacheka na fundi. Sasa nieleze, nielewe: kwa nini hucheki na mimi?"

Hedwiga alikipata kipande cha pembe nne. Alikiweka mahali pake, akakibonyeza kwa kiganja, akahakikisha hakichezi. Ndipo akainua uso, na tope lile jeupe lilikuwa limemkaukia kwenye nyusi.

"Hujawahi kucheka na mimi, Ephraimu," alisema. "Umekuwa ukinicheka."